Dawa ya Wageni

Kati ya kliniki kumi na moja za meno alizokuwa akizizungukia mratibu, ni moja tu ambayo haikuwahi kumpandisha presha, na ndiyo hiyo aliyoingia asubuhi ile akiwa amemshika mkono binti wa kaka yake, shavu la mtoto limevimba kama ameficha limau mdomoni.

Zile kumi zilimtoa jasho miaka miwili mizima. Kazi yake ilikuwa kuzishawishi ziache kungoja meno yaoze ndipo zishike koleo, zifuate mwongozo mpya ambao watafiti waliupima wakaridhika nao: kila mtoto apakwe dawa ya floraidi kwenye magego kila baada ya miezi sita. Dakika mbili tu. Ungedhani amewaomba wahamishe jengo! Kliniki moja ilisema mwongozo umepotea, nyingine ilikuwa ikiufunikia birika, na kwingine daktari alimwambia bila haya kwamba watoto wa siku hizi wanang'ata. Kwa usumbufu wake wakambandika jina la Bi Mwongozo, nalo likamganda.

Lakini kliniki hii ilikuwa mboni ya jicho lake. Kila robo mwaka asilimia mia. Aliitolea mfano semina baada ya semina mpaka wenzake wakachoka kuisikia, akaitunuku cheti chenye fremu, na kaka yake alipouliza binti achunguzwe meno wapi, hakufikiri mara mbili.

"Si ulisema hapo ndipo penyewe?" kaka alimwambia asubuhi hiyo akimkabidhi mtoto mlangoni. "Mwanangu siku ya pili hii hali, halali. Ila mama yake anasema ni jino la utoto, litaota jingine."

Hapo ndipo moyo ulipompasuka Bi Mwongozo, maana alikwisha kuchungulia. Lilikuwa gego la chini, lile linalochomoza nyuma kabisa mtoto akifika miaka sita, bila jino lolote kung'oka kulipisha, ndiyo maana wazazi wengi hulidhania la utoto. Si la utoto. Hilo likitoka, limetoka.

Daktari wa kliniki, mzee mwenye mikono mikubwa aliyejulikana mji mzima kwa jina la Koleo, aliinamisha taa, akagonga jino taratibu. Mtoto akaruka kitini.

"Usaha umefika kwenye mzizi," alisema. "Linatoka."

"Daktari, ana miaka minane!"

"Najua kuhesabu, binti yangu. Linatoka."

Bi Mwongozo aliinyakua kadi ya mtoto. Tiki nne, zimenyooka vizuri, na chini ya kila moja muhuri wa zambarau: IMEHAKIKIWA. Muhuri wake mwenyewe.

"Kapakwa dawa mara nne. Linaozaje?"

Koleo akamtazama muuguzi wake. Muuguzi, ambaye kila mtu alimwita Mama Funguo kwa shada la funguo lililomning'inia kiunoni, akatazama dari.

"Shangazi," mtoto alisema, kiganja shavuni, "mimi sijapakwa kitu. Wananiangalia tu, halafu narudi nyumbani."

Damu ilimchemka Bi Mwongozo hadi masikioni. "Mama Funguo, nieleze."

"Nikueleze nini, mwanangu? Fomu yako wewe mwenyewe uliiweka mapokezi. Mtoto akifika tunafungua kadi, tunaweka tiki, anaingia kwa daktari. Si ulisema hutaki kuona kisanduku kitupu?"

"Na dawa iko wapi?"

"Dawa ipo!" Mama Funguo alichangamka, akaona sasa ameulizwa jambo la kujivunia. Akachagua ufunguo, akafungua kabati. Maboksi yalijipanga safu mbili, plastiki bado zinang'aa, hakuna hata moja lililotobolewa. "Haijaguswa. Tumewatunzia wageni. Si mnakumbuka ukaguzi ule wa kwanza kabisa, mlipotukuta kabati tupu, dawa yote tumewapaka watoto? Tukaletewa barua, tukaitwa wazembe. Nikaapa haitatokea tena."

Bi Mwongozo aliikumbuka barua, ambayo alikwisha kuisahau. Ilikuwa na saini yake. Alikuwa amepitia kliniki tano siku hiyo, miguu inawaka moto, akaona kabati tupu, akaandika bila kuuliza dawa imekwenda wapi.

"Wageni gani, mama?" Sauti ilimpanda, hata waliokaa kwenye benchi nje wakageuza shingo. "Wageni gani mnaowatunzia? Mgeni ni huyu hapa, kakaa kwenye kiti, anaumwa! Miaka miwili anakuja, mnamfungia kabati!"

Alitamani kupiga kelele zaidi, lakini kila neno kali lililomjia lilikuwa linamhusu na yeye, na hilo ndilo lililomchosha kuliko vyote.

Koleo alichoma ganzi, akangoja, akang'oa. Alifanya kwa upole, hilo asinyimwe. Mtoto alikibana kidole cha shangazi yake mpaka kikafa ganzi nacho, kisha akauma pamba na kulitazama gego lake kwenye sahani ya bati.

"Jingine litaota lini?"

"Halioti, mama," shangazi alimwambia.

"Hata nikisubiri sana?"

"Hata ukisubiri sana."

Kisha Bi Mwongozo akavua saa, akanawa mikono, akachana plastiki ya boksi la kwanza. "Njoo," alimwambia Mama Funguo. Muuguzi alikwisha kusahau namna ya kushika brashi ya kupakia dawa, kwa kuwa tangu barua ile hakuwa ameigusa, ikabidi Bi Mwongozo amwongoze mkono. Wakakausha la kwanza kati ya yale magego matatu ya kudumu yaliyobaki, wakapaka, wakahamia la pili, kisha la tatu. Zilipita dakika mbili, pengine hazikufika.

Mama Funguo alichukua kadi kwa mazoea, kalamu mkononi, akaigeuza huku na huku.

"Sasa niandike wapi? Visanduku vyote vimejaa."

Bi Mwongozo alipapasa mkoba akitafuta muhuri, akauacha humohumo. Akaichukua kadi, akaipindua nyuma palipokuwa peupe, akaandika tarehe, na chini yake: "Amepakwa mara ya kwanza. Magego matatu."