Chupa ya Maharagwe ya Kalengera

Kila asubuhi, kabla ya chai, Kasoki aliyamwaga maharagwe ya mama yake kwenye ungo. Aliyapuliza majivu ya kuzuia wadudu, akatafuta tobo la mdudu, akayarudisha kwenye chupa. Yalikuwa ya rangi zote: mekundu, meusi, ya njano, yenye madoa kama mayai ya kware. Kule Kalengera kila mama alikuwa na mchanganyiko wake. Uliyaona sokoni Kiwanja ukajua yametoka kwa nani. Siku walipokimbia vita, mama yake alibeba chupa hiyo, akisema watapanda wakirudi. Mama alizikwa Goma. Misimu minne ya mvua ilishapita. Mara mbili Papa Baharanyi, mwenye shamba hili la Lac Vert, kando ya Goma, alikofanya kazi sasa, alimpa kipande cha ardhi apande. Mara mbili Kasoki alijibu, "Aksanti, Papa, sisi tutarudi kwetu."

Jumamosi hiyo hakumaliza kuyachambua.

"Kasoki! Bageni bamefika!" Papa Baharanyi alipaza sauti kutoka barabarani. "Tangu lini watu wa Goma wanafuata saa?"

Aliuacha ungo juu ya ukuta wa jiko, chupa tupu kando ya ukuta huo, akaenda.

Papa Baharanyi, karani mstaafu, aliwakaribisha watu wa mjini waje kuona chakula kinakotoka. Kasoki ndiye aliyewatembeza. Maneno alishayakariri, yalitoka yenyewe, kama redio ya jirani.

"Hivi ni viazi," alisema.

"Viko wapi?" aliuliza Mama Dorine, aliyekuja na viatu vya misa. "Mimi ninaona majani tu."

"Viko chini, mama."

"Chini! Na mimi ninakatazaka watoto kugusa udongo!"

Mume wake, Florent, alicheka mpaka akashika tumbo. "Miaka makumi mbili unanikaangia viazi, kumbe hujui!"

"Na wewe unajua nini? Kufungua mdomo tu!"

Wote wakacheka. Kasoki naye akaonyesha meno.

Kwenye maharagwe alisimama pale anaposimama kila Jumamosi. "Mbegu iko na uhai. Ikikaa sana bila kupandwa, inakufa ndani kwa ndani. Ukiitazama tu, huwezi kujua."

"Sasa mutu atajuaje?" aliuliza Mama Dorine.

Jibu la hilo hakulikariri. "Mpaka uipande," alisema, akawapeleka kwa mbuzi.

Aliporudi jikoni, ungo ulikuwa mtupu. Apolline, mpishi, alikuwa akikata sombe, majani ya muhogo.

"Apolline, yale maharagi?"

"Ya pale ukutani? Nimeyaloweka, dada. Makavu kama mawe! Yangenimalizia makala yote ya moto, na bageni wanataka kula."

Kasoki alichungulia beseni. Majivu yalielea juu ya maji, na maganda yalishaanza kukunjamana. Alisubiri kulia. Kilio hakikuja. Alitumbukiza mkono, akausikia ubaridi, basi. Haragwe likishakunywa maji halirudi kwenye chupa. Ni chungu leo, au udongo leo.

Apolline alimtazama, kisha akaitazama ile chupa tupu kando ya ukuta. Kisu kikatulia. "Yesu! Ilikuwa mbegu ya mama yako?"

Papa Baharanyi aliingia akijipangusa jasho. "Kuna nini huku? Bageni wako na njaa."

"Ni kosa langu, Papa," alisema Apolline. "Nimeloweka mbegu yake."

"Ah, bon. Pole, mutoto yangu. Juma lijalo nitakuletea zingine za sokoni, nzuri kuliko hizo."

"Aksanti, Papa," alisema Kasoki. Ndilo jibu alilolitoa kwa kila kitu tangu wafike: kwa turubai, kwa unga, kwa sanduku la kumzikia mama yake.

Mzee aligeuka kwenda.

"Papa."

Alisimama.

"Kile kipande." Kasoki aliinua beseni, maji yakammwagikia miguuni, hakuyajali. "Kile karibu na viazi. Bado kiko?"

"Kiko. Lakini si ulisema mutakwenda kupanda kwenu?"

Nje Mama Dorine alikuwa akiuliza kwa sauti kama mbuzi naye anapandwa. Hakuna aliyecheka jikoni.

"Mama alikufa, Papa," alisema Kasoki. "Na mimi sirudi Kalengera. Nataka kuyapanda hapa. Leo."