Makapi ya Pétronille

Mwaka wa 1952 Kabera alitoka Kingi, kwenye milima ya baridi, akashuka Kashebere, kwenye michikichi, kumtafutia mama yake mawese. Alielekezwa kwa Pétronille, binti wa Papa Hilaire. Alimkuta akitwanga ngazi, matunda ya mchikichi, zilizopikwa, mikono imekuwa myekundu hadi kwenye viwiko. Nyuma ya nyumba, juu ya rundo la makapi ya zamani ya ngazi, yalikuwa yameota maboga makubwa ajabu.

"Dada, nani alipanda hii maboga?"

"Hakuna muntu. Makapi ikioza, kila kitu inaota pale."

Kabera aliwaza migomba ya mama yake, iliyokuwa imedhoofika kwenye mteremko uliochoka.

"Unaweza kunipa kitunga moja?"

Pétronille alicheka. "Unatoka mbali vile kubeba takataka? Beba, kaka."

Kabera alichota yale mapya, yaliyotoka kukamuliwa siku hiyo, kwa kuwa yalikuwa mekundu na yalinukia vizuri. Alipofika kwao akayamwaga kwenye migomba na maharagi. Lakini makapi yale yalikuwa bado na mafuta. Mvua ikateleza juu yake, siafu wakajaa, na maharagi yakawa ya njano.

"Mwanangu," mama yake Mukandori alisema, "umetuletea siafu ya Kashebere?"

Kabera alirudi Kashebere akiona haya. Pétronille aliposikia alijiziba mdomo asicheke, kisha akamtazama usoni, akamhurumia.

"Pole. Ile mupya iko na moto. Mimi njo nilipaswa kukuambia."

"Basi kosa iko yako?"

"Iko yetu wawili."

Akamweleza achanganye makapi na mavi ya ng'ombe na majivu, afunike kwa majani ya mgomba, angoje mpaka yawe meusi. Kabera alisikiliza yote, ila njiani alilokumbuka zaidi ni lile "yetu wawili".

Alichimba shimo, akafanya alivyoambiwa. Kisha akawa haishi kwenda Kashebere. Jirani yao Mbonigaba alisema kwamba nyumbani kwa Mukandori siku hizi hata maji yanakaangwa, kwa wingi wa vyungu vya mawese alivyoleta Kabera, vilivyopangwa ukutani.

Jioni moja Mukandori alimwita mwanawe.

"Mawese iko ya kutosha, mwanangu. Unaendaka kufanya nini kule?"

"Niko nafuata makapi, Mama."

"Ile makapi iko na jina gani?"

Kabera aliinamisha kichwa. "Pétronille."

Mukandori alicheka mpaka akafuta machozi.

Mvua zilizofuata, mbolea ile nyeusi ilifanya kazi yake. Mikungu ilikuwa mizito hata migomba ikategemezwa kwa miti. Mukandori alichagua mkungu mzuri kuliko yote, akaenda mwenyewe na mwanawe kwa Papa Hilaire.

Mzee alipokea ndizi kwa furaha, lakini aliposikia kwamba wamekuja kuposa aliuweka mkungu chini. "Mutoto wangu hajazoea baridi ya kwenu, Mama."

"Nitazoea, Papa," Pétronille alijibu kutoka jikoni, kabla hajaulizwa.

Walifunga ndoa misheni baada ya Pasaka. Huko Kingi michikichi haioti, na miezi ya kwanza Pétronille alikaa karibu na moto akikumbuka kwao. Mukandori alimfunika kwa kitenge chake cha pili, akamwachia shimo la mbolea liwe lake, na wanawake wa jirani wakaanza kuja kumuuliza namna ya kulitengeneza.

Makapi yalipokwisha, waliteremka Kashebere pamoja. Walilala kwa Papa Hilaire, wakala samaki wa mtoni, na kesho yake wakapanda milima wakibishana nani abebe kitunga kizito.