Viota Vyekundu vya Siew Eng

Jirani Ngu aliingia bila kubisha hodi, akatua bakuli mbele ya Hui Ping, mkwe wa Siew Eng, mwenye mimba ya miezi saba.

"Kunywa supu ingali moto, mwanangu. Kiota chekundu cha mbayuwayu hicho, nimekichemsha na sukari ya mawe tangu asubuhi. Kinaongeza damu."

Siew Eng akageuka kulitazama bakuli. Hapa Sitiawan, mji wa Malaysia, kila mtu anaamini kwamba kiota chekundu mbayuwayu amekijenga kwa mate yenye damu. Yeye ndiye asingeweza kuamini, maana vyekundu vyote alivyouza alivitengeneza mwenyewe. Alikuwa akivipanga vile vyeupe juu ya mavi ya ndege yaliyoloweshwa, anavifunika, mvuke unavigeuza rangi. Udanganyifu mdogo, alijiambia, haumdhuru mtu. Mwezi uliopita wapimaji wa chakula walikuja kuwaeleza wafugaji wa mbayuwayu kama yeye kwamba wekundu ule umejaa kemikali ya naitraiti, mbaya kwa mtoto aliye tumboni. Akaacha kutengeneza. Kuwaambia waliokwisha kununua, Ngu akiwemo, hilo lilimshinda.

Hui Ping akainua kijiko. Siew Eng akapitisha kiwiko, bakuli likapinduka, supu ikatiririka hadi sakafuni.

"Uzee huu," alisema.

Hui Ping machozi yakamlengalenga. "Mama, hata cha kupewa unaninyima?"

"Mama mkwe wako ana gere huyo," Ngu alicheka. "Usilie. Kimebaki nusu sufuria kwangu, naleta sasa hivi."

Akashika mlango. Siew Eng alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kumwaga na la pili, lakini la tatu je?

"Usilete, Ngu. Ule wekundu si damu. Nilivifukiza mwenyewe kwa mavi ya ndege. Vina sumu ya kumdhuru mtoto tumboni. Nimejua mwezi mzima, nikanyamaza."

Hui Ping akashika tumbo lake. Ngu alirudi, akavuta kiti, akakaa taratibu.

"Vile nilivyompikia binti yangu Mei Lan mwaka jana?" aliuliza. "Alikunywa mimba nzima, Siew Eng. Ulikuja kumzika mtoto pamoja nasi."

"Nilikuja."

"Ukaniletea kingine, cha bure, arudishe damu."

Siew Eng alikuwa amepiga magoti, anapangusa supu kwa kitambaa. Hakuthubutu kuinua uso.

"Hicho pia," alisema.