Unywele Mmoja wa Hayat

...na huu nao umekatika, umenyooka kama chingamu iliyotafunwa tangu asubuhi, haukurudi, ukakatika, Eddah ameuona vizuri, ameulowesha, ameushika ncha zote mbili kwa kucha na kuuvuta polepole, vile Filister mwenyewe, mwenye saluni, alivyomfunza siku ya kwanza hapa Kabiro, unywele mzima hunyooka ukarudi, ulioungua haurudi, usiguse dawa kabla hujavuta, hayo yalikuwa maneno ya nani, na sasa Filister huyohuyo amesimama na kopo la dawa ya kulainisha nywele wazi mkononi, harufu inachoma macho, anasema apake tu, arusi ni Jumamosi, bibi arusi akirudishwa leo ataingia saluni ya Njambi ng'ambo ya barabara na mashangazi wote wa Kibera watamfuata... na Hayat amefumba macho kwenye kiti, amekana kwamba wiki jana alipakwa dawa nyumbani, kwa aibu tu, lakini nywele zimekiri, "Eddah, unang'oa zote ama? Niachie hata za arusi," anacheka, anacheka hivyo na kesho kutwa zitabaki kwenye kitana, mafungu mafungu, na Filister atasema ni msichana wangu alipaka, huyo wa Kibera, aliachia shule Form Two, mnategemea nini... Form Two, ndiyo, na ni hapohapo Form Two Mwalimu Shiundu alining'iniza vyuma kwenye springi akasema kuna watu kazi yao ni kuvuta uzi mwembamba kuliko unywele, chini ya hadubini, mpaka ukatike, ili ndege isianguke na watu ndani, darasa zima likacheka, nani huyo analipwa kuvuta nyuzi, Eddah hakucheka, jioni alijing'oa unywele mmoja akauning'inizia kifungo, ukabeba, akaongeza kingine, ukabeba, akawa na furaha ya kijinga ambayo hakumwambia mtu, unywele wake mwenyewe, una nguvu hivyo... halafu baba mdogo Nicanor akaja, akakaa kwenye kitanda cha mama kule Soweto ya Kibera, akasema Marvin kaka yake ni mvulana, amalize shule kwanza, Eddah atangoja kidogo, kidogo gani, na akamgeukia akamwuliza anaonaje, aliulizwa, hapo ndipo panapomchoma, miaka hii yote amemchukia Nicanor na viatu vyake vya kung'aa, lakini aliulizwa, mama akiwa pale, mdomo akiwa nao, na akasema sawa, kwa adabu, akainuka akawapikia chai...

"Eddah, wewe ni daktari ama ni mtu wa saluni?" Filister ameinama sikioni pake. "Paka dawa. Sawa?"

Anangoja, na hamtazami, anatazama kopo, ameuona unywele ukikatika, aliuona hata ule wa kwanza, anajua, anajua kabisa, kinachotakiwa hapa si mikono ya Eddah, ni hilo neno, lile lile dogo, atoe yeye ili liwe lake, na dawa bado iko wazi, na Hayat bado amefumba macho, na Eddah analowesha unywele mwingine, anaupeleka mbele, kwenye mapaja ya Hayat, juu ya taulo.

"Hayat, fumbua macho. Shika huu. Uvute wewe mwenyewe."