Mapipa Shambani kwa Shakila

Aliyepiga simu serikalini alikuwa Shakila mwenyewe. Mapipa ya viuatilifu yaliyotelekezwa miaka mingi kwenye ghala kuukuu la pamba, hapo Mlali, yalikuwa yanavuja, na mbuzi wake wawili walikuwa wamekufa midomo imejaa povu. Majirani walimwambia asiiite serikali. Hakuwasikiliza.

Wiki haikuisha, afisa mazingira akafika na tingatinga. Aliitwa Athanas, kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kuyaondoa?"

Athanas akatoa karatasi yenye muhuri. Ilikuwa amri ya dharura: kwa siku tisini serikali ingeweza kuhifadhi taka za sumu popote, bila idhini ya mwenye eneo wala kikao cha kijiji. Masika yalikuwa yanabisha hodi, ghala lilikuwa kandokando ya mto, na udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji ulikuwa shambani kwa Shakila.

"Nipige simu mimi, halafu mje kuyazika kwangu?"

"Ni kwa muda tu, mama. Ndani ya siku tisini tunayahamisha."

"Na nikikataa?"

Athanas aliangalia viatu vyake. "Amri hii haikataliwi."

Walichimba katikati ya nyanya zilizoanza kuiva. Siku tisini zikapita, ukapita na mwaka. Wanunuzi wa mjini walipopata habari, wakazisusa nyanya za Mlali nzima. Majirani nao wakaacha kuitikia salamu za Shakila.

Akashuka Morogoro Mjini. Athanas alikuwa amehamishwa. Prisca, dada aliyekalia kiti chake, alilipekua faili ukurasa kwa ukurasa, kisha akalifunga.

"Mama, amri ilikwisha mwaka jana. Sasa hatuna mamlaka ya kuingia shambani kwako. Ni mali yako binafsi."

"Na mapipa?"

"Yamo shambani kwako, mama. Kwa hiyo kisheria ni yako."

Shakila alicheka, kicheko kilichomtisha hata yeye mwenyewe, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi alianza kulizungushia shimo uzio wa mikonge. Jirani yake Stambuli alipita na jembe begani, akasimama, akatazama. Shakila hakumsalimu. Aliendelea kupanda, mkonge mmoja karibu na mwingine, ili wanawe Stambuli wasipate upenyo wa kuingia kucheza.