Trampolini ya Kamanda

Kaka yangu tunamwita Kamanda, kwa sababu tangu utotoni hajawahi kuomba kitu. Yeye huamuru. Asubuhi ile, chai ikiwa mezani, aliamuru kwamba akirudi kazini jioni atakuja na petroli, ataimwagia ile trampolini ya watoto kurukia iliyooza uani, atawasha kiberiti na mambo yaishe.

Niliweka kikombe chini. Nilimuuliza kama amesahau kuwa nyuma ya ukuta wetu kuna mtoto mchanga. Mtoto wa jirani alikuwa ametoka hospitali juzijuzi tu. Kifua kilimbana kwa moshi wa takataka zilizochomwa mtaa wa chini, na daktari alimwambia mama yake bila kumung'unya maneno kwamba moshi mwingine kama ule unaweza kummaliza. Dirisha la chumba chao linatazama uani kwetu. Sasa sponji, plastiki na nailoni viungue pale, mtoto avute nini?

Kamanda alichukua funguo zake. "Ukiweza kuitoa kabla sijarudi, itoe," akasema. "Ukishindwa, usisimame njiani mwangu."

Akaondoka. Na mimi, kwa hasira niliyokuwa nayo, chai ilinishinda.

Kilichokuwa kikimchoma nilikijua. Trampolini ile aliwanunulia wanawe, na wanawe sasa wanaishi mbali, pamoja na mama yao. Ndoa ilikufa, dude likabaki. Kila akifungua dirisha la jikoni analiona limejitandaza pale, wavu umechanika, majani yameota mpaka katikati ya miguu yake. Namwonea huruma kaka yangu, tena sana. Ila huruma yangu haifiki mahali pa kumfukizia mtoto wa watu.

Bahati nzuri sikuwa na zamu. Mimi ni mpishi wa shule, na mikono hii inageuza masufuria ambayo wanaume wawili huyatua kwa kuhema. Nikajiambia springi haziwezi kunitisha. Loo, zilinitoa jasho! Ya kwanza niliivuta kwa koleo, ikateleza na kunichuna vidole. Nikaitukana tusi ambalo siwezi kulirudia hapa. Nikazungusha kitambaa mkononi, nikavuta tena, nikaanguka kwa makalio.

Jirani, mama yake yule mtoto, alichungulia juu ya ukuta akauliza kwa upole kama nagombana na mtu. Nikamwambia ndiyo, ila mtu mwenyewe yuko kazini. Kisha nikamweleza habari ya petroli, maana sikuona faida ya kumficha. Uso wake ulibadilika. Hakulia wala hakulaumu. Alimkabidhi mtoto kwa mama mkwe wake, akafunga madirisha yote, akazunguka akaingia uani kwetu amejifunga kibwebwe.

Ni yeye aliyepata akili. Kulikuwa na springi moja iliyokwisha kudondoka yenyewe kwa kutu. Aliiokota, akainasa ndoano yake kwenye ndoano ya springi iliyokuwa bado imekaza, akapitisha mpini wa nyundo kwenye ndoano yake ya pili, akavuta kwa uzito wake wote. Ile springi ikachomoka kama jino la utotoni. Tukatazamana, tukacheka. Kuanzia hapo ilikuwa kazi juu ya kazi: yeye upande huu, mimi upande ule, tukienda sambamba, kwa sababu ukitoa za upande mmoja tu, turubai la kurukia linavutwa upande mmoja, na springi zilizobaki zinazidi kukaza. Ndoo ikajaa springi. Turubai jeusi likalala chini. Wavu tukaukunja, jirani akasema atautumia kutambazia nyanya zake. Sponji iliyofunika ukingo ilikuwa imechakaa, ukiishika inageuka unga, hivyo tukaizoa punje kwa punje tukaitia kwenye gunia na kulifunga mdomo, lisubiri gari la taka. Kuipeperusha mtaani ingekuwa ni ujinga wa Kamanda kwa njia nyingine.

Fundi sofa wa mtaani, niliyemwita, akaja kulichukua turubai aliweke chini ya viti anavyotengeneza, tena akatusaidia kufungua bolti za miguu. Nikaanza kuona mwanga. Kisha nikaishika ile duara kubwa ya chuma ili niitenganishe vipande, nikakwama. Haikuwa na viungo. Kamanda, miaka ile watoto walipoiruka mpaka ikaanza kucheza, alikuwa amemwita mchomeleaji akaunganisha kila kipande, isitikisike milele. Ndivyo alivyo, akifunga kitu amekifunga.

Nikampigia simu mnunuzi wa vyuma chakavu. Chuma atapokea, alisema, alimradi kisiwe na kitambaa wala plastiki, kwa kuwa huko kinakoyeyushwa vitu hivyo ndivyo vinavyotoa moshi mchafu. Lakini mkokoteni wake ulikuwa umevunjika. Tukitaka, tumpelekee wenyewe, na tusichelewe kwa sababu anafunga mapema.

Mlango wetu wa uani unampitisha mtu mmoja na ndoo yake. Fundi sofa aliutazama, akaitazama duara, akasema pole. Neno hilo pole lilinipandisha mori. Kuna mtoto anahema kwa shida nyuma ya ukuta, halafu mtu mzima ananipa pole! Nikazunguka ile duara kama anayetaka kuipiga. Kamanda alijaribu mara nyingi kuisukuma mpaka mlangoni, na kila mara aliisukuma ikiwa imelala, na miguu yake yote. Sasa haikuwa na miguu. Na mlango wetu ni nguzo mbili tu, juu yake hakuna hata ubao.

"Inyanyueni," nikasema. "Isimame."

Tukaisimamisha. Ilipita vichwa vyetu, nyembamba kuliko mtu. Tukaibingirisha polepole kati ya nguzo mbili, ikapita bila kugusa, na mimi nikapiga kigelegele peke yangu uani kama mwehu.

Barabarani sasa! Mimi mbele naizuia, jirani na fundi sofa pembeni wanaishikilia, gurudumu la chuma refu kuliko mlango wa duka linapita katikati ya mtaa. Kinyozi alitoka na mteja wake aliyenyolewa nusu. Washonaji waliacha cherehani. Kwenye mteremko ilitaka kunikimbia, nikaiegemea kwa bega na kuiambia ithubutu. Watu wakapiga makofi, na jirani, ambaye tangu mtoto augue sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alikuwa anapiga kelele, "Pisheni! Pisheni, chuma kinapita!" Tulifika kwa mnunuzi akiwa ameshika kufuli. Alifungua geti lote.

Niliporudi nilioga na kuketi uani. Mahali pale palikuwa tupu, miguu na ndoo ya springi vikiwa pembeni ukutani, majani yamepauka kwa umbo la duara. Jirani alifungua madirisha, akaja na mtoto begani, mara ya kwanza kumtoa nje tangu hospitali.

Kamanda akaingia na dumu la petroli mkononi. Alisimama. Aliangalia uani, akaniangalia mimi, akaangalia tena uani, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali siku nzima. Sikuwahi kuyatoa, kwa sababu jirani alimsogelea akamnyooshea mtoto.

"Nishikie, shemeji," akasema. "Nikaanue nguo."

Ilibidi aweke dumu chini ndipo ampokee. Alimshika vibaya mwanzoni, kisha mikono ikakumbuka. Mtoto akalaza kichwa shingoni mwake. Kaka yangu akatulia kabisa, akisikiliza ile pumzi ndogo ikiingia na kutoka, na macho yake yakajaa machozi. Hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

"Umeshinda," akaniambia.

"Sijasikia," nikasema. "Sema tena."

Akasema tena, kwa sauti ya chini, asimwamshe mtoto.