Ukurasa wa Sitini na Tatu

Saa tatu asubuhi, siku mbili kabla ya kutetea tasnifu yangu, niliandika BA kwenye kompyuta, nayo ikanirudishia AB. Nikaandika tena. AB.

"Si herufi zile zile?" mume wangu akauliza huku akifunga kamba za viatu. Yeye ni fundi bomba, na kwa miaka minne amenivumilia kuliko nilivyostahili.

"Kwani kulipiga shati pasi kisha kulifua ni sawa na kulifua kisha kulipiga pasi?"

"Shati langu hujawahi kulifanyia lolote kati ya hayo," akasema, akaenda zake kazini.

Ngoja nieleze, maana nina hasira na lazima mtu anisikie. Kuna milinganyo ya mawimbi ambayo ni migumu ajabu, lakini inakubali kutatuliwa mpaka mwisho. Haiji mmoja mmoja. Inapangika kama ngazi, kila kipandio mlinganyo mgumu kuliko wa chini yake. Mimi nilikuwa na ngazi mbili, na kazi yangu yote ilikuwa kutafuta geuzo moja la kumvusha mtu kutoka ngazi hii hadi ile, kwenye kila kipandio. Tena katika hesabu ambazo A mara B si sawa na B mara A. Humo kubadilisha mpangilio ni kama kosa la jinai. Vipandio viwili vya kwanza nilivithibitisha kwa mkono. Cha tatu kilikuwa na kurasa kumi na nne za herufi, nikaiachia kompyuta. Ikasema pande zote mbili ziko sawa, nikarukaruka kama mwendawazimu. Matokeo hayo ndiyo yaliyojaza ukurasa wa sitini na tatu wa tasnifu.

Kumbe sikuiambia kwamba mpangilio una maana. Mstari mmoja tu wa maagizo, sikuuandika! Ikazipanga herufi kwa alfabeti kama karani anayepanga mafaili, na kila kilichonizuia kikafutika. Nikahesabu upya kwa mkono mpaka saa nane mchana. Kikabaki kipande kimoja, AB kutoa BA, hakiondoki ng'o; pande mbili hazikuwa sawa kamwe. Nililia, na yalikuwa machozi ya hasira.

Nikaenda ofisini kwa Mwalimu, msimamizi wangu. Huyu ndiye aliyekuwa akichana karatasi zangu nikipindua herufi mbili tu. Akanipokea kwa tabasamu, ripoti ya mtahini mkononi.

"Mwanangu, umewaweza! Anasema ukurasa wa sitini na tatu ndio moyo wa kazi yote. Ameuhakiki mwenyewe kwa kompyuta."

"Ni kosa, Mwalimu. Naye kakosea vile vile nilivyokosea mimi."

Nikamwonyesha kile kipande. Akavua miwani, akakitazama kwa muda mrefu, na niliona kabisa kwamba ameelewa. Kisha akainuka, akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

Nilidhani nimesikia vibaya. "Mimi na wewe tu, Mwalimu."

"Basi tetea kwanza keshokutwa. Tutarekebisha baadaye, kimya kimya."

Kwa miaka minne nilimwogopa mtu huyu kuliko baba yangu mzazi. Nilisimama pale nikitamani anigombeze, anifukuze, achane kurasa zote mia mbili. Akakaa tu, akinisubiri niitikie. Anwani ya barua pepe ya mtahini ilikuwa juu ya ripoti. Nikatoa simu, nikamwandikia mtahini kosa lilipo, mbele ya Mwalimu, nikatuma.